UZI: Watu 250 wapate barabara, watu 249 wasubiri. Vijiji vya milimani Uttarakhand, India, na hesabu inayoamua nani afikiwe

Mtembea Milima (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimesoma India, mji wa Dehradun, jimbo la Uttarakhand. Likizo nyingi sikurudi nyumbani kwa sababu ya nauli, kwa hiyo nilikuwa nafuatana na wenzangu wa darasa kwenda kwao, vijiji vya wilaya ya Pauri Garhwal kwenye miinuko ya Himalaya. Kuna jambo nililiona kule linanisumbua mpaka leo. Humu wapo wahandisi, wauguzi na watu wa halmashauri, kwa hiyo nalileta tulichambue pamoja: kijiji kidogo kinanyimwa barabara kwa sababu ni kidogo, halafu kinazidi kupungua kwa sababu hakina barabara.

Nianze na mpango wenyewe. Tarehe 25 Desemba 2000 serikali ya Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee ilizindua mpango wa barabara za vijijini uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, kwa kifupi PMGSY. Nia ni kila makazi yafikiwe na barabara inayopitika mwaka mzima, masika na kiangazi. Si kazi ndogo hata kidogo. Sensa ya 2011 ilikuta India ina vijiji zaidi ya 640,000, na watu wa vijijini milioni 833.

Pesa haiwezi kufika kote kwa siku moja, ikabidi waweke kigezo. Maeneo ya tambarare: makazi yenye watu 500 na kuendelea. Milimani, jangwani na kwenye maeneo ya makabila ya asili: watu 250 na kuendelea. Baadaye maeneo yenye uasi mkali wa Wanaksali (waasi wa Kikomunisti) yakashushiwa hadi watu 100. Na idadi iliyotumika ni ile ya sensa ya 2001.

Kwa hiyo kitongoji cha watu 250 kinaingia kwenye orodha, na cha watu 249 ng'ambo ya bonde kinabaki na njia ya miguu na nyumbu. Nimelala kwenye vijiji vya aina zote mbili. Watu ni wale wale, mashamba ya ngazi ni yale yale, ulezi ni ule ule (wao huuita mandua na mkate wake ni mtamu sana ukiwa wa moto). Tofauti inaonekana mtu akiugua.

Nitaendelea chini.

Kipanga

Nimeweka kambi. Endelea mkuu.

Mtembea Milima

Sehemu ya pili: hesabu za watu.

Kati ya sensa ya 2001 na ya 2011, watu wa Uttarakhand waliongezeka kwa karibu asilimia 19. Lakini wilaya mbili za milimani zilipungua, zikapungua kabisa wakati nchi nzima inaongezeka. Pauri Garhwal ilitoka watu 697,078 hadi 687,271. Almora ilitoka 630,567 hadi 622,506. Walioongezeka zaidi ni wa mabondeni: Dehradun, Haridwar, Udham Singh Nagar.

Sensa hiyo hiyo ilikuta vijiji 1,048 vya jimbo hilo havina mtu hata mmoja. Vipo kwenye daftari la ardhi, vina majina na mipaka, ila hakuna anayekaa. Mwaka 2017 jimbo likaunda tume ya kushughulikia uhamaji, na ripoti yake ya 2018 ikaonyesha makazi mengine 734 yamebaki matupu baada ya 2011. Katika miaka kumi watu 118,981 walikuwa wamehama moja kwa moja wasirudi.

Tume iliuliza sababu. Nusu ya waliohama walifuata kazi. Asilimia 15 walifuata shule. Karibu asilimia 9 walifuata matibabu. Waliotaja miundombinu kama sababu kuu ni wachache sana, na hapa ndipo wengine husema "mnaona, barabara siyo tatizo". Mimi sikubaliani. Mtu anayesema amehama kwa ajili ya shule ya sekondari anamaanisha nini, kama si kwamba shule ipo na mtoto hawezi kwenda na kurudi kila siku? Hospitali ipo. Kazi ipo mjini. Kinachokosekana ni namna ya kufika na kurudi kulala kwako. Umbali umejificha ndani ya majibu hayo yote matatu.

Mkunga wa Lushoto

Kaka Mtembea, asante kwa uzi huu. Mimi ni muuguzi, milima naijua. Naomba utuambie kwa uwazi: mama akishikwa na uchungu usiku kwenye hicho kijiji cha watu 249, inakuwaje?

Mtembea Milima

Dada, swali lako ndilo kiini.

Kwenye karatasi India imejipanga vizuri. Tangu 2005 kila kijiji kina mhudumu wa afya wa jamii, mwanamke wa hapo hapo, wanamwita ASHA. Mwaka huo huo ulianza mpango wa kumpa mama pesa taslimu akijifungulia kituoni. Kwa mama wa kijijini kwenye majimbo yaliyo nyuma kama Uttarakhand ni rupia 1,400. Tangu 2011 usafiri wa mjamzito kwenda hospitali ya serikali na kurudishwa nyumbani ni bure. Unapiga namba 108, huduma iliyoanzia Hyderabad 2005 kisha ikasambaa majimbo mengi, na gari la wagonjwa linakuja.

Linakuja mpaka mwisho wa barabara. Kutoka hapo kwenda juu ni juu yenu. Wanaume wanachukua kitanda cha kamba au kiti kilichofungwa kwenye miti miwili, wanne wanabeba, wengine wanne wanafuata nyuma kupokezana. ASHA anatembea kando ameshika tochi na mfuko wa vifaa. Mvua za Julai na Agosti njia inateleza na mawe yanaporomoka.

Na sasa unganisha hili na watu kupungua. Machela moja inataka wanaume wanane wenye nguvu. Kijiji ambacho vijana wote wako Delhi kwenye hoteli na viwanda, kimebaki na wazee, akina mama na watoto. Mama akizidiwa, wa kumbeba hayupo. Nimeona wakwe wakimpeleka mjamzito mjini mwezi mmoja kabla, wakampangia chumba, ili tu asubirie karibu na hospitali. Wengi wakishafika huko hawarudi tena, kwa sababu mtoto wa kwanza naye anaanza shule pale pale. Kaya moja imetoka. Hesabu ya kijiji imeshuka kwa watu wanne au watano.

Mkunga wa Lushoto

Maumivu matupu. Hilo la kumpangia chumba karibu na hospitali mapema nakubali ni busara kitaalamu, hata sisi tunashauri mama wa mbali wasogee kabla ya tarehe. Lakini iwe kwa wiki mbili halafu arudi kwake. Isiwe ndiyo safari ya kuhama.

Kalavati

Wakuu, mimi ni fundi wa barabara, nimefanya za vijijini kwa miaka. Mwanzisha uzi yuko sahihi kwenye mengi, ila naomba nimtetee mhandisi mwenzangu wa kule, kwa sababu watu wengi hawajui barabara ya mlimani inakula nini.

Viwango vya India vya barabara za vijijini vinataka mwinuko wa kawaida milimani usizidi asilimia 5, yaani unapanda mita 1 kwa kila mita 20 za mwendo. Sehemu ngumu unaruhusiwa 6 hadi 7. Sasa chukua kijiji kilicho mita 300 juu ya barabara kuu. Kwa njia ya miguu inayokata moja kwa moja mtu anaweza kutembea kilomita moja na nusu tu. Gari haliwezi. Ukigawa mita 300 kwa asilimia 5 unapata mita 6,000. Kilomita sita za barabara, na kona kali za kugeuza zinazotaka eneo pana, kwa ajili ya kilomita moja na nusu ya miguu! Na kila mita ya hizo sita inachimbwa kwenye ubavu wa mlima: ukuta wa mawe upande wa chini kushika tuta, mfereji upande wa juu, kalavati kila penye kijito.

Halafu hakuna kuchimba na kuweka lami mwaka huo huo. PMGSY milimani hufanywa kwa awamu mbili: kwanza wanakata njia, wanaacha mvua zipige na udongo utulie, ndipo wanarudi na kokoto na lami. Ukiharakisha, lami yote inashuka bondeni na maporomoko.

Kuna msitu pia. Karibu asilimia 71 ya ardhi ya Uttarakhand imeandikwa kuwa msitu kisheria, na sheria ya uhifadhi wa misitu ya 1980 inadai kibali cha serikali kuu kabla ya kukata njia humo. Faili linakaa miaka.

Kwa hiyo mhandisi akiwa na pesa ya kilomita sita na vijiji viwili mezani, kimoja watu 400 na kingine 120, atafanya nini?

Mtembea Milima

Mhandisi, umenifundisha. Hesabu ya mita 300 kuwa kilomita 6 nitaikumbuka.

Swali lako nalijibu kwa swali la kigezo: kwa nini kwenye mizani pawe na idadi ya watu peke yake? Kwanza tuangalie kanuni zinavyotaja kijiji "kisichounganishwa". Tambarare ni kile kilicho zaidi ya mita 500 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Milimani ni zaidi ya kilomita 1.5 za njia ya miguu. Chini ya hapo, unahesabiwa umeshafikiwa. Yaani hicho kijiji chako cha mita 300 juu, ambacho gari linahitaji kilomita sita kukifikia, kikiwa kilomita 1.4 kwa miguu kinaandikwa KIMEUNGANISHWA. Kwenye ramani kimefikiwa, machela bado ndiyo gari lake.

Nakubali kanuni ina huruma yake pia. Vitongoji vilivyo ndani ya umbali huo huo vinaruhusiwa kujumlishwa idadi yao ili vifike 250. Bila hilo vijiji vingi vya milimani visingeambulia kitu.

Lakini angalieni ukubwa wa vijiji unavyotofautiana ndani ya nchi moja. Kerala mwaka 2011 ilikuwa na vijiji 1,018 tu, ukigawa watu wake wa vijijini unapata karibu 17,000 kwa kijiji. Himachal Pradesh, jirani ya Uttarakhand, ilikuwa na vijiji 17,882 vyenye watu, wastani watu 345. Uttarakhand wastani haufiki 450. Huo ni wastani tu. Ukiuvunja kwa vitongoji, ambavyo ndivyo PMGSY inavyohesabu, unakuta kaya kumi hapa, kaya kumi na tano kule, kwa sababu mlima hautoi ardhi tambarare ya kukusanya watu wengi mahali pamoja. Udogo wa kijiji kule umeletwa na mlima wenyewe.

Kipanga

Swali la mtu wa kawaida: kwa nini hao wa kaya kumi wasishuke wakajenga kando ya barabara? Ingekuwa rahisi kwa serikali na kwao.

Mzee wa Kibena

Kijana Kipanga, hilo lilishafanyika, na lilifanyika hapa kwetu. Mimi nilikuwa na akili zangu timamu wakati wa Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na hadi 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa. Vijiji vingi viliwekwa kando ya barabara kwa sababu hiyo hiyo unayoitaja: shule, zahanati na lori la pembejeo vifike kwa urahisi. Sheria ya vijiji ya 1975 ikataka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250. Hao wa India wanasema watu 250, sisi tulisema kaya 250.

Shule tulipata, maji ya bomba baadhi yetu tulipata, hilo sitalikana. Lakini shamba la baba yangu lilibaki kilomita nyingi nyuma, miti ya matunda ikaachwa, nguruwe pori wakamaliza mahindi kwa sababu hakuna aliyelala shambani. Watu walipoachiwa, wengi walirudi mahame. Kumsogeza mtu barabarani ni rahisi. Shamba lake halisogei.

Mtembea Milima

Shikamoo mzee wangu. Ulichosema ndicho hicho hicho kinachotokea Garhwal bila amri ya mtu. Kaya chache zinaposhuka, mashamba ya juu yanabaki vichaka, nyani na nguruwe pori wanahamia, na wale waliobaki wanashindwa kulinda mazao yao peke yao. Baada ya misimu michache na wao wanaacha kulima. Wenyeji wa kule wakiulizwa kwa nini wameacha shamba, nguruwe pori hutajwa mapema sana.

Mkaazi wa Ngara

Nawasoma kutoka Nairobi. Niongeze upande mwingine wa India, kwa sababu majirani zangu wengi asili yao ni Kutch, Gujarat. Kule pia kuna vijiji vyenye nyumba zimefungwa kufuli. Madhapar, karibu na mji wa Bhuj, ni maarufu: wenyeji wake Wapatel wako Kenya, Uganda, Uingereza, na pesa wanazotuma zimejaza benki za pale kuliko unavyotarajia kijijini. Barabara safi, hospitali, shule. Watu hawapo lakini kijiji hakijafa. Kila harusi wanarudi, na mzee akistaafu anarudi kwake.

Kwa hivyo nauliza: ni barabara inayoshikilia watu, ama ni pesa?

Mtembea Milima

Ndugu yangu wa Ngara, mfano mzuri sana. Kutch ni tambarare kavu na Bhuj iko pale pale, barabara ilikuwa rahisi. Garhwal nako pesa za kutumwa zipo tangu zamani. Wanaume wa kule wameingia jeshini kwa vizazi, kikosi cha Garhwal Rifles makao yake yapo Lansdowne, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Pauri. Pesa ya pensheni inafika. Inapofika, inamjengea mtu nyumba Kotdwar, mji ulio chini ya milima, au Dehradun, kwa sababu mfuko wa saruji kuupandisha kijijini kwa nyumbu unazidi bei ya mfuko wenyewe mara nyingine. Mtu anajenga mahali saruji inapofika.

Kuhusu swali lako la barabara na pesa, lipo jibu la kitaalamu. Wachumi Sam Asher na Paul Novosad walichapisha utafiti 2020 uliotumia kigezo hicho hicho cha idadi ya watu: wakalinganisha vijiji vilivyo juu kidogo ya mstari wa idadi na vilivyo chini kidogo, kwa kuwa vinafanana kwa kila kitu isipokuwa barabara. Miaka minne baada ya barabara, kilichobadilika sana ni kwamba watu waliacha kazi za mashambani wakaenda kufanya vibarua nje ya kijiji. Mavuno, mapato na mali za nyumbani havikubadilika kwa kiasi kikubwa.

Wengine wameusoma utafiti huo wakasema barabara haina maana. Mimi nausoma hivi: barabara imempa mtu uwezo wa kwenda kufanya kazi na kurudi. Hicho ndicho kijiji cha Pauri kinakosa. Bila barabara chaguo ni mawili, ulime au uhame.

Kalavati

Hapo umenena. Ila barabara bila gari nayo ni nini? Tunajenga, tunakabidhi, unarudi baada ya mwaka unakuta bodaboda mbili na ng'ombe.

Mtembea Milima

Mhandisi, suala la magari linastahili uzi wake, lakini niseme kidogo.

Maharashtra wana kauli ya shirika lao la mabasi ya jimbo, yale mekundu, inayosema penye kijiji pana barabara, na penye barabara pana basi. Lilianza 1948 na safari ya Pune kwenda Ahmednagar. Majimbo yenye shirika imara la mabasi yameweza kupeleka usafiri mbali sana. Na miaka ya karibuni baadhi yamefanya wanawake wasafiri bure: Tamil Nadu na Punjab 2021, Karnataka Juni 2023, Telangana Desemba 2023. Mama wa kijijini anayepanda basi bure anaweza kwenda sokoni, hospitali, kwa wazazi wake, bila kumwomba mtu nauli. Sera hii naipenda kwa moyo wote.

Milimani Uttarakhand basi ni la asubuhi, na la kurudi ni la mchana. Katikati ni jipu za abiria zinazosubiri zijae. Ukikosa ya saa tisa alasiri umelala mjini. Tambarare ni pikipiki za magurudumu matatu, hizi hizi bajaji tulizozipokea huku. Makao makuu ya Bajaj yapo Pune, na Boxer wanazopanda bodaboda wetu ni za kampuni hiyo hiyo.

Na sensa inavyorekodi usafiri inaficha mambo. Kila wilaya ina kitabu cha sensa kinachoorodhesha kila kijiji: kaya, watu, watoto chini ya miaka 7, wanaojua kusoma, wakulima, vibarua, halafu huduma: basi, reli, teksi, trekta, hata mkokoteni wa ng'ombe. Kama huduma haipo kijijini, wanaandika herufi: a ni chini ya kilomita 5, b ni kilomita 5 hadi 10, c ni zaidi ya 10. Kijiji chenye kituo cha basi mita 300 kutoka kwenye nyumba ya mwisho na kijiji chenye kituo kilomita 4.9 kwenye mteremko wa mawe, vyote vinapata a. Nimevipitia vitabu hivyo vya Pauri ukurasa kwa ukurasa nikitafuta vijiji nilivyofika kwa miguu yangu, na kila nilipoiona hiyo a nilisikia uchungu.

Mwalimu Mstaafu

Nilikuwa kimya nasoma. Kuhusu watoto wa shule: Bihar, ambayo ni tambarare na maskini kuliko Uttarakhand, walianza 2006 kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa baiskeli. Utafiti wa Karthik Muralidharan na Nishith Prakash ukaonyesha uandikishaji wa wasichana sekondari kwa umri unaostahili ulipanda kwa asilimia 32, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi pale shule ilipokuwa kilomita 3 au zaidi. Hawakujenga shule mpya, waliufupisha umbali.

Kipanga

Bihar si ndiko yule mzee aliyepasua mlima?

Mtembea Milima

Ndiye, Dashrath Manjhi, wa kijiji cha Gehlaur, wilaya ya Gaya. Kibarua asiye na ardhi, wa jamii ya Musahar iliyo chini kabisa kwenye matabaka. Mke wake alifariki 1959, na hospitali ilikuwa upande wa pili wa kilima, kuzunguka ni mbali. Kuanzia 1960 hadi 1982 akakichonga kile kilima kwa nyundo na patasi: urefu mita 110, upana mita 9. Safari kati ya Atri na Wazirganj ikatoka kilomita 55 hadi 15. Alifariki 2007 na serikali ya Bihar ikamzika kwa heshima za kitaifa.

Kila ninapomtaja, watu hufurahia ushujaa wake. Mimi pia. Lakini miaka 22 ya mtu mmoja akigonga jiwe ni deni ambalo halikupaswa kuwa lake.

Mwalimu, asante kwa takwimu za baiskeli. Milimani baiskeli haisaidii, ila wazo ni lile lile: pima umbali wa mtoto huyo mmoja, uufupishe.

Na nchi hiyo hiyo inajua kupima hivyo ikitaka. Tume ya Uchaguzi ya India ina kanuni kwamba mpiga kura asitembee zaidi ya kilomita 2 kwenda kituoni. Uchaguzi wa 2019, kijijini Malogam, jimbo la Arunachal Pradesh karibu na mpaka wa China, maofisa walitembea siku nzima milimani wakiwa na mashine ya kura kwa ajili ya mpiga kura mmoja. MMOJA. Hakuna aliyesema asubiri wafike 250. Nililia machozi ya furaha niliposoma habari ile, kisha nikawafikiria wale wa Pauri.

Mkaazi wa Ngara

Mpaka na China hapo umegusa. Kuna pesa za mpaka, ama?

Mtembea Milima

Zipo. Mwaka 2023 serikali iliidhinisha mpango wa vijiji vya mpakani, rupia bilioni 48, na bilioni 25 kati ya hizo ni za barabara. Awamu ya kwanza vijiji 663. Huko idadi ya watu haikuwa kikwazo, kwa sababu kijiji kitupu mpakani kinaitia serikali wasiwasi. Vijiji kama Milam, bonde la Johar huko huko Uttarakhand, viliishi kwa biashara na Tibet mpaka vita vya 1962 vilipofunga mpaka. Nyumba zikabaki magofu. Sasa barabara inachimbwa kuelekea huko.

Naifurahia. Ila inathibitisha kwamba kigezo cha watu 250 ni uamuzi wa watu, na watu wanaweza kukiacha wanapoona sababu. Pauri haipakani na China, basi sababu yake ni mama mwenye uchungu tu, na kwangu hiyo ingetosha.

Kalavati

PMGSY imefikia wapi sasa hivi?

Mtembea Milima

Awamu ya nne iliidhinishwa Septemba 2024: makazi 25,000, kilomita 62,500, rupia bilioni 701. Vigezo ni vile vile, 500 tambarare, 250 milimani, 100 kwenye maeneo ya uasi, ila sasa wanatumia sensa ya 2011. Kwa kijiji kilichokua kati ya 2001 na 2011 ni neema, kinaingia. Kwa kijiji cha Pauri kilichokuwa na 260 kikakosa bahati ya kujengewa, na 2011 kikahesabiwa 230, mlango umefungwa.

Mkunga wa Lushoto

Na sensa mpya? Ya 2021 ilikuwaje?

Mtembea Milima

Haikufanyika, kwanza Uviko kisha ikaahirishwa tena na tena. Tangazo la Juni 2025 limeweka tarehe ya marejeo kuwa 1 Machi 2027 kwa nchi nzima, na 1 Oktoba 2026 kwa maeneo yenye theluji ya Ladakh, Jammu na Kashmir, Himachal na Uttarakhand.

Hiyo tofauti ya tarehe ni muhimu kuliko inavyoonekana, dada. Watu wa mabonde ya juu kabisa huhamia chini majira ya baridi. Ukiwahesabu Februari utawakuta wote chini na kijiji cha juu utakiandika kitupu. Ukiwahesabu Septemba utawakuta kwao. Waliopanga sensa wanalijua hilo, ndiyo maana wakatenga tarehe.

Pauri sehemu kubwa haiingii kwenye maeneo ya theluji. Watahesabiwa Februari, wakati vijana wako Delhi na watoto wako shuleni Kotdwar. Wenyewe hurudi kijijini Mei na Juni, likizo ya shule, kwa ibada za miungu ya ukoo. Ndizo wiki ambazo moshi unatoka kwenye kila paa. Wenzangu wa darasa sasa wana makundi ya WhatsApp ya kijiji, na nimewaambia waanze kuandikiana mapema: mwenye wazazi juu, mwenye nyumba isiyofungwa kufuli, apange likizo yake ya 2027 iwe Februari, akae kijijini siku zote za kuhesabu, ili karani akipanda kuhesabu akute watu wanaoishi pale. Wawili wamekubali. Mmoja ana binti wa darasa la tisa mwenye mitihani Machi, bado anawaza.